Madaktari wanne, dozi mbili, mama mmoja: nani anashika usukani wa tezi?

Niweke swali kwanza ili wote tuwe pamoja. Dada mmoja wa Njombe kaniandikia kuhusu mama yake mwenye miaka 58. Mwaka jana mama alifanyiwa operesheni kwenye hospitali kubwa Dar, akatolewa tezi yote ya shingo (thairoidi) baada ya kukutwa na kansa aina ya papilari, baadae akapewa na iodini ya mionzi, akarudi nyumbani na vidonge vya levothairoksini (homoni ya tezi ya kumeza) mikrogramu 150 kila asubuhi. Hospitali ya wilaya wakampima TSH (kipimo cha damu cha tezi, nitakieleza hapo chini) ikasoma 0.08, wakasema dawa imezidi wakashusha mpaka 100. Miezi miwili mbele TSH ikasoma 5.2, wakaenda Dar, dokta wa Dar akauliza kwa ukali "nani kashusha hii dawa?" akarudisha 150. Sasa hivi mama moyo unamwenda mbio usiku, daktari wa moyo kamwona kasema hapana, irudi 100. Dada anauliza, "Dokta, tumsikilize nani? Na kwanini hawa madaktari hawaongei wenyewe kwa wenyewe mpaka sisi ndo tubebe maneno kutoka hospitali moja kwenda nyingine?" Halafu chini kabisa kaongeza kama kitu kidogo tu, kwamba mama anameza pia kalsiamu aliyoandikiwa na daktari wa mifupa, alianza karibu na kipindi kile dozi iliposhushwa, na zote anazimeza kwa pamoja asubuhi ili asisahau.

Dada yangu, pole sana, na mama mfikishie shikamoo yangu. Swali lako nalipata kwa sura tofauti tofauti karibu kila wiki kliniki, ila wewe umeliandika vizuri kuliko wengi, umeweka namba na umeweka mpangilio wa nini kilianza nini kikafuata, na hapo ndo pa kuanzia.

Kitu cha kwanza kitakushangaza: wote watatu waliogusa ile dozi wako sawa, kila mtu kwa kile alichokuwa anakiona mbele yake. Ngoja nieleze taratibu maana hapa ndo penye shina la tatizo lote.

TSH haitoki kwenye shingo, inatoka kwenye kitezi kidogo chini ya ubongo kinaitwa pituitari, na kazi yake ni kuiamsha tezi ya shingo itoe homoni. Fikiria mtu anagonga mlango. Homoni ikiwa kidogo mwilini anagonga kwa nguvu, TSH inapanda, homoni ikiwa nyingi anaacha kugonga, TSH inashuka. Kwa mtu wa kawaida maabara nyingi zinaandika kiwango cha 0.4 mpaka 4 hivi. Kwa hiyo daktari wa wilaya akikuta 0.08 kwa mama wa miaka 58 anayemeza levothairoksini, alichojifunza chuoni kinamwambia punguza, kwasababu dawa ikizidi kwa muda mrefu moyo unaweza kuanza kupiga bila mpangilio na mifupa inalika, hasa kwa mama ambaye hedhi imeshakoma. Hajakosea kusoma kipimo. Alikuwa anasoma sawasawa, ila kwa mgonjwa ambaye si huyu.

Maana mama yetu hanywi dawa tu kwa kuwa hana tezi. Kansa ya papilari, hata baada ya operesheni na mionzi, kama kuna chembe imebaki mahali, TSH ikipanda inaiamsha na ile chembe pia. Ndo maana wale wenye hatari kubwa ya kansa kurudi tunawaweka makusudi TSH chini ya 0.1, wa katikati kati ya 0.1 na 0.5, na ambao hatari yao ni ndogo tunawaacha 0.5 mpaka 2. Kwa hiyo ile 0.08 inawezekana kabisa ndo ilikuwa hesabu ya dokta wa Dar tangu mwanzo, na alipoona 5.2 lazima ashtuke. Tena hata neno "kansa ya tezi" peke yake halitoshi kuandikwa, maana kuna aina inaitwa medula ambayo haijali TSH kabisa, hiyo tunarudisha homoni kwenye kiwango cha kawaida basi, na ukimshushia TSH makusudi mgonjwa wa medula unamuumiza moyo bure. Aina lazima iandikwe.

Halafu anakuja daktari wa moyo. Yeye hana ripoti ya patholojia (uchunguzi wa ile nyama iliyotolewa), ana mama mbele yake ambaye usiku halali, mapigo yanakimbia, na homoni ya tezi ikizidi ni moja ya sababu za kwanza anazofundishwa kuzitafuta. Kushusha dawa kwake ni kuokoa moyo. Naye yuko sawa.

Umeona sasa? Hakuna mjinga kati yao na hakuna mwenye roho mbaya. Kilichokosekana ni sentensi moja kwenye karatasi aliyotoka nayo mama Dar: "lengo la TSH ni kiasi fulani, kwa sababu fulani, mpaka tarehe fulani." Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini mimi naona hapa manahodha wala hawajawa wengi sana, shida hakuna hata mmoja aliyeambiwa chombo kinaenda bandari gani.

Sasa kwanini hawaongei. Nitakuambia kama mtu wa ndani.

Rufaa zetu zinapanda, hazishuki. Daktari wa wilaya anaandika barua, mgonjwa anapanda nayo mpaka hospitali ya kanda au ya taifa, anapasuliwa, anatibiwa, anaruhusiwa, na kinachorudi chini ni karatasi ya kuruhusiwa yenye mistari minne, ametolewa tezi, aendelee na dawa, arudi kliniki baada ya miezi 3. Ripoti ya patholojia inabaki kwenye faili la mpasuaji, karatasi ya iodini ya mionzi inabaki idara nyingine, na mfumo wa kompyuta wa hospitali moja mara nyingi hauoni kilichoko kwenye mfumo wa hospitali nyingine. Yule wa wilaya aliyemtuma mgonjwa hajibiwi. Miaka inapita anatuma watu hajibiwi, mwishowe anazoea kwamba mgonjwa akishavuka lango la rufaa si wake tena, na akirudi anaanza naye upya kwa kile kipimo kilichoko mezani.

Na kuna hili la woga, ambalo hatupendi kulisema. Daktari kijana wa wilaya au tabibu wa kituo cha afya anaogopa kumpigia bingwa. Anaogopa kuonekana hajui. Na sisi mabingwa tumechangia sana, mtu anapiga simu saa nane mchana anauliza swali la maana tunamjibu mkato kama katusumbua. Ule ukali wa "nani kashusha hii dawa?" mbele ya mgonjwa na binti yake, dada yangu, umenikera kuliko hata namba zenyewe. Swali ni zuri ila limeulizwa kwa mtu asiye na jibu. Angechukua simu akampigia yule wa wilaya dakika tatu tu, akamwambia ndugu yangu huyu ni mgonjwa wa kansa, TSH tunaishikilia chini kwa makusudi, ukiona imeshuka sana au moyo unamsumbua nishtue, ingekuwa imeisha, na wagonjwa wengine kumi wanaofuata pale wilayani wangefaidika.

Nisiwaseme wenzangu tu, na mimi lipo langu. Miaka ya nyuma nikiwa hospitali fulani ya mkoa nilimwanzishia mama mmoja kabimazoli kwa ajili ya tezi iliyokuwa inatoa homoni kupita kiasi. Dawa hii ni nzuri lakini kwa watu wachache inaangusha chembe nyeupe za damu, zile za kupigana na maradhi, na mara nyingi inatokea ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Dalili yake homa na koo kuuma. Nilimwambia kwa mdomo, ukipata homa na koo simamisha dawa uje. Kwenye barua ya kurudi kijijini kwake sikuandika. Wiki ya tano akapata homa na koo, akaenda kituo cha afya, akapewa amoksilini akarudi nyumbani, kabimazoli anaendelea nayo kwasababu nilichomwambia mimi kilishasahaulika kwenye homa. Siku ya tatu karudi kachoka kabisa. Tabibu wa pale, kijana mtulivu, akamwambia hebu nitolee dawa zote unazotumia, akaona boksi, akaona jina langu kwenye kadi, akapiga simu. Tukasimamisha dawa muda huo huo, akaletwa, kipimo cha damu kikaonyesha zile chembe zimekaribia kuisha. Alilazwa, akapewa dawa za mshipa, akapona, na tezi yake tukaja kuitibu kwa njia nyingine. Aliyemwokoa ni yule tabibu na simu yake. Mimi tangu siku ile kila anayeanza kabimazoli anaondoka na mstari umeandikwa kwa kalamu nyekundu: homa au koo kuuma, simamisha, pima damu kamili, nipigie, na namba iko pale.

Nimekusimulia hivi uone kwamba mawasiliano ninayoyasema si lazima vikao vikubwa. Ni kalamu na simu.

Wenzetu Marekani walishaliona hili. Chama chao cha wataalamu wa tezi, American Thyroid Association, mwaka 2012 kilitoa tamko zima kuhusu taarifa ambazo lazima zihame kati ya mpasuaji, daktari wa homoni, patholojia na wengine pale mgonjwa wa kansa ya tezi anapopasuliwa, yaani kabla ya operesheni kulikuwa na nini, sauti yake ilikuwaje, mpasuaji alikuta nini ndani, alitoa nini akaacha nini, vile vitezi vinne vidogo vinavyosimamia kalsiamu ya damu vilisalimika vingapi, patholojia imesema nini. Ukiona nchi yenye kompyuta kila kona nayo inabidi iandike tamko la kukumbushana jambo hili, ujue dosari hii si ya umaskini peke yake.

Kama ningekuwa mimi ndo namwandikia mama karatasi ya kurudi Njombe ningeandika hivi, na inaingia kwenye meseji moja ya WhatsApp: "Mama, miaka 58. Kansa ya tezi aina ya papilari, tezi yote imetolewa mwezi fulani, vitezi vya kalsiamu vimebaki vizima, nyuzi za sauti sawa, iodini ya mionzi kapewa tarehe fulani. Hatari ya kurudi: kubwa au ndogo. Lengo la TSH chini ya 0.1 mpaka mwezi fulani, halafu tutalipitia upya. Levothairoksini mikrogramu 150 asubuhi tumbo tupu. Ukiona TSH nje ya lengo usibadilishe bila kunipigia, isipokuwa moyo ukimzidia, hapo shughulikia kwanza halafu nijulishe. Namba yangu hii." Basi. Hii ndo ingewaepusha na haya yote. Kumbuka tu namba na tarehe ziandikwe kamili, na dawa iandikwe kwa mikrogramu, maana miligramu 0.1 na mikrogramu 100 ni kitu kile kile ila nukta ikipotea kwenye mwandiko wa haraka duka la dawa watasoma kingine.

Turudi kwa mama, maana kuna kitu ulikiweka chini kabisa ya swali na mimi naona kinastahili kuwa juu, ile kalsiamu.

Kalsiamu ikimezwa pamoja na levothairoksini inaishika tumboni, sehemu ya dawa haiingii kwenye damu. Madini ya chuma nayo vile vile. Inatakiwa zipishane kama masaa 4, na levothairoksini yenyewe imezwe na maji matupu nusu saa mpaka saa nzima kabla ya chai au kahawa. Sasa angalia mpangilio wako mwenyewe: dozi ilishushwa kutoka 150 mpaka 100 na karibu kipindi hicho hicho mama akaanza kalsiamu pamoja na dawa. TSH ikaruka mpaka 5.2. Wote wakaamini imepanda kwasababu ya kushusha dozi tu, na inawezekana sehemu kubwa ni kweli, lakini sehemu nyingine yaweza kuwa kalsiamu. Daktari wa mifupa hakujua kuhusu tezi au hakuulizwa, na wa tezi hakujua kuhusu kalsiamu. Huyo ndo daktari wa nne kwenye hadithi yako na hakuna aliyemtaja.

Na hapa kuna mtego, nisikilize vizuri. Mkitenganisha kalsiamu leo, ile ile 150 itaingia mwilini zaidi kuliko ilivyokuwa inaingia jana. Yaani dozi itakuwa imepanda bila mtu kubadilisha kidonge, na mama tayari moyo unamsumbua. Kwa hiyo kutenganisha ni lazima, kalsiamu ihamie jioni, lakini siku hiyo hiyo daktari anayeshika dozi na daktari wa moyo wote waambiwe, ili kipimo kijacho kisomwe kwa kujua hilo.

Kipimo kijacho lini? Levothairoksini inakaa mwilini muda mrefu, nusu yake inatoka baada ya siku 7 hivi, na pituitari nayo inachukua muda kutulia, ndo maana TSH tunaipima wiki 6 mpaka 8 baada ya mabadiliko yoyote. Nimeona wagonjwa wamepimwa baada ya wiki mbili, namba haijatulia, dokta kaongeza, wiki mbili tena kapunguza, dozi inapanda na kushuka na mgonjwa anaona madaktari wanambahatisha. Ndo wanapobahatisha kweli sasa, kwa kukosa subira.

Tena jitahidini apimwe maabara ile ile. Kuna jambo dogo limeshasumbua watu wengi sana hapa, yuniti. Homoni yenyewe, T4 huru, maabara nyingine zinaandika kwa pikomoli kwa lita na nyingine kwa nanogramu kwa desilita, na nanogramu 1 kwa desilita ni sawa na pikomoli 12.87 kwa lita. Mtu akiletewa karatasi imeandikwa 1.4 na kichwani ana kiwango cha 12 mpaka 22 atadhani mgonjwa amekaukiwa kabisa na homoni, kumbe 1.4 ile ni kama 18, yuko safi. Kwa hiyo mkimtumia daktari majibu kwa simu msiandike namba tupu, pigeni picha karatasi nzima yenye yuniti na kiwango cha maabara. Na kile kipimo cha kufuatilia kansa yenyewe, thairoglobulini, hicho ndo kabisa kisihamehame maabara, na kipimwe pamoja na antibodi zake, zisipopimwa namba inaweza kumdanganya daktari. Kama mama anameza vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini kwa wingi avisimamishe siku mbili tatu kabla ya damu, maana kwenye baadhi ya mashine vinaangusha TSH kwa uongo na kupandisha homoni kwa uongo.

Kuhusu daktari wa moyo nataka mumwambie jambo moja wazi, kwamba mama ana kansa ya tezi na huenda akahitaji iodini ya mionzi tena. Kwanini? Kuna dawa ya mapigo inaitwa amiodaroni, kidonge kimoja cha miligramu 200 kina iodini kama miligramu 75, wakati mwili kwa siku unahitaji mikrogramu 150 tu. Inakaa mwilini miezi. Ikishaingia, iodini ya mionzi haitafanya kazi vizuri kwa muda mrefu kwasababu mwili umeshashiba iodini. Sisemi isitumike, moyo ukiihitaji inahitajika, nasema wawili hao waongee kabla ya kidonge cha kwanza. Hivyo hivyo na ile dawa ya kung'arisha picha kwenye CT, nayo ina iodini nyingi.

Kliniki nyingine zinazogusa tezi bila kujua nizipitie haraka, labda kuna msomaji mwingine inamhusu. Rifampisini ya TB inafanya levothairoksini iishe haraka mwilini, kwa hiyo mgonjwa akianza TB dozi inaweza kuhitaji kupanda na akimaliza ishuke. Ethionamidi ya TB sugu inaweza kuishusha tezi yenyewe. Kwenye CTC, kliniki za wanaoishi na VVU, kuna watu wachache ambao mwaka mmoja mpaka mitatu baada ya kuanza ARV kinga inaporudi tezi inawaka na kutoa homoni kupita kiasi, wanapungua uzito na jasho linawatoka, na watu wanadhani dawa za ARV zimegoma. Na mama mjamzito aliyekuwa anameza levothairoksini anahitaji nyongeza ya robo hivi ya dozi mara tu anapojua ana mimba, tunawaambia vidonge viwili zaidi kwa wiki, wakati kliniki ya wajawazito wengi wanaanza kwenda mimba imeshafika mbali na hakuna anayeuliza kuhusu tezi. Kote huko ni sentensi moja kwenye kadi.

Sasa swali lako la msingi, mumsikilize nani. Msibadilishe dozi wenyewe nyumbani. Kama mama akipata maumivu ya kifua, kuzimia, au kuishiwa pumzi, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, msisubiri miadi wala barua. Kama ni mapigo tu ya usiku, awe amefanyiwa kipimo cha umeme wa moyo, ile ECG, na karatasi yake muwe nayo mkononi, maana kuna tofauti kubwa kati ya moyo unaokwenda mbio kwa mpangilio na ule uliopoteza mpangilio, na hiyo tofauti inaweza kubadilisha lengo la TSH. Mwenye kupanga lengo awe yule anayefuatilia kansa, lakini alipange upya akiwa na taarifa ya moyo, si ile ya mwaka jana. Kama hatari ya kansa kurudi imeshashuka na moyo unaumia, wengi tungekubali lengo lilegezwe, labda 0.1 mpaka 0.5 au hata zaidi, na dozi itaangukia katikati ya zile mbili mnazozungushwa nazo. Daktari wa wilaya ndo awe mpimaji na mrekebishaji ndani ya lengo hilo, yuko karibu nanyi. Wa moyo ashike dawa za moyo na awe na haki ya kusema hapa simameni, ila akisema ampigie mwenzake.

Njia ya kuwafanya waongee ni hii, nimeiona ikifanya kazi mara nyingi. Ukiwa ndani ya chumba cha daktari, kabla hajaandika, mwambie kwa upole, "Dokta, naomba kama inawezekana umpigie daktari wa Dar sasa hivi, namba ninayo hapa." Si barua utakayoibeba wewe, ni simu ukiwa umekaa pale. Wengi watakubali, kwasababu ukweli wengi wanatamani kuongea ila hawana namba na hawana sababu ya kuanza. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza wiki hii ni namba, ya daktari mwenyewe au ya kliniki yake, omba kwa adabu na mueleze kwanini. Wakishaongea mwombe aliyeko mbele yako aandike walichokubaliana, atie tarehe. Simu bila maandishi inasahaulika, na makundi ya WhatsApp ya madaktari yanasaidia sana ila meseji inazama, tena wengine wanatuma majina ya wagonjwa wazi wazi, jambo ambalo silipendi.

Nunua kaunta buku moja ya mama. Ukurasa wa kwanza ile meseji niliyoiandika juu, jaza unachojua na palipobaki wazi mpelekee daktari ajaze, hasa aina ya kansa, hatari na lengo la TSH. Kurasa zinazofuata tarehe, TSH na yuniti zake, dozi ya siku hiyo, nani kabadilisha na kwanini. Hiyo "kwanini" ndo usikubali iachwe. Ripoti ya patholojia iombeni nakala Dar, ni haki yenu kuiomba, itieni kwenye plastiki. Na dawa zote, hata za mitishamba, hata za magoti, ziende kliniki ndani ya mfuko mmoja zimwagwe mezani kila mara, kama alivyofanya yule tabibu wangu.

Wenzangu madaktari mnaosoma hapa, naomba kitu kimoja tu. Ukimrudisha mgonjwa wa tezi chini, andika lengo na sababu, na ukipokea mgonjwa kutoka chini ambaye dozi imebadilishwa, mpigie aliyebadilisha kabla ya kubadilisha wewe. Na hospitali zenye mpasuaji, patholojia, mtu wa mionzi na wa homoni chini ya paa moja, kaeni pamoja hata nusu saa kwa wiki na mafaili mezani. Patholojia aandike majibu ya sindano ya shingo kwa yale makundi 6 ya Bethesda (mfumo wa kupanga majibu hayo) badala ya "inatia shaka kidogo", maana "kidogo" ya mtu mmoja mwenzake anaisoma operesheni.

Dada, mkishahamisha kalsiamu jioni na madaktari wakishaongea, hesabuni wiki 6 kutoka siku hiyo ndo mpime, maabara ile ile, asubuhi kabla hajameza kidonge cha siku hiyo. Halafu niandikie tena hapa, uweke picha ya karatasi nzima jina limefunikwa, na ile ECG.